Sauti Kutoka Yerusalemu

Generoza alirudi kutoka misa ya pili saa sita kasorobo, akiwa ametoka kuwafikishia waumini wote wa kigango salamu za mumewe kutoka Yerusalemu, akamkuta mumewe huyo amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, anakula kiporo cha ugali bila mboga.

Hakupiga kelele. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na saba katika nyumba ya katekista hujifunza kutopiga kelele, maana nyumba yenyewe ni kama ofisi ya serikali, kila mwenye shida anaingia. Alichofanya ni kurudi sebuleni, kukomea mlango na kushusha pazia. Kisha akaja kusimama mbele ya mumewe, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Baba Lusia, wewe si uko Yerusalemu?"

Pantaleo alimeza tonge. Akasema wamemnyima viza.

"Nani kakunyima?"

"Ubalozi. Wale hawatoi sababu, Mama Lusia. Wanakwambia hapana, basi."

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mkewe uso kwa uso baada ya majuma mawili, na lilikuwa la uongo. Lakini kabla hatujamnyooshea kidole, tumsikilize mkewe kwanza, kwa sababu naye alikuwa na lake. Simu ya Pantaleo ilikuwa imezimwa tangu Jumatano. Ndege ya mahujaji ilikuwa ya Ijumaa. Generoza akajumlisha mwenyewe: amepanda. Asubuhi hiyo, mbele ya kanisa, Juliana mwenyekiti wa jumuiya alimuuliza mbele za watu kama mwalimu amefika salama. Akaona aibu kusema hajui aliko mume wake. Akasema amefika, amepiga simu usiku, anawasalimu, na tayari amewaombea wote kwa majina. Habari ikafika kwa paroko kabla ya matangazo, paroko akaitangaza, watu wakapiga makofi, kwaya ikaongeza wimbo.

"Kwa majina?" Pantaleo aliuliza.

"Ningefanyaje? Walikuwa wananitazama."

Pantaleo alikuwa amepanga kutoka jioni ile ile, kupita nyumba kwa nyumba, kuwaeleza watu habari za ubalozi kwa unyenyekevu. Sasa akitoka anamfanya mke wake mwongo wa kanisani. Wakahesabu. Mahujaji wangerudi nchini Jumatano ya juma lijalo. Siku hiyo angejitokeza na begi lake kama mtu aliyeshuka kwenye basi, na safari ingekuwa imekwenda na kurudi. Siku kumi si nyingi, Generoza alisema. Ni kweli si nyingi, kwa mtu ambaye si yeye atakayekaa ndani.

Akamvua viatu, akavificha chini ya kitanda.

*

Ukweli ulikuwa hivi, na Pantaleo aliujua peke yake.

Kampuni ya safari huko Dar es Salaam ilimtumia orodha ya masharti mwezi wa sita. Alitakiwa awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Akachanjwa, mkono ukavimba siku tatu. Alitakiwa awe na picha mbili zenye ukuta mweupe nyuma. Akapiga mara tatu kwa sababu paji lake lilikuwa linang'aa. Alitakiwa awe na taarifa ya benki ya miezi sita. Akapeleka ya akaunti yenye shilingi elfu arobaini na mbili, pamoja na barua ya paroko ya kueleza kwamba katekista si mfanyabiashara. Bima alikata. Fomu alijaza kwa mwandiko ule ule anaoandikia vyeti vya ubatizo, na mwandiko wake unasifiwa hata parokia za jirani.

Sharti la kwanza kabisa, lililopigiwa mistari miwili, lilisema pasi ya kusafiria iwe na uhai usiopungua miezi sita tangu siku ya kuingia nchi hiyo. Pasi ya Pantaleo, ile aliyoipata alipokwenda na kwaya Nairobi, ilikuwa inakufa mwezi wa tatu. Safari ni ya mwezi wa kumi na moja. Alihesabu kwa vidole akapata miezi minne na siku kadhaa, akaona inatosha.

Na sababu ya kuona inatosha ilikuwa hii. Kwa miaka ishirini na saba Pantaleo alibandika mlangoni pa kanisa tangazo la mafundisho ya ubatizo, saa saba kamili, na yeye mwenyewe akafika saa nane, kwa sababu anawajua watu wake. Harusi ya saa nne aliiandika saa tatu. Mchango wa mwisho tarehe ishirini aliutangaza tarehe kumi na tano. Huko kote ndiko alikojifunza maana ya tarehe. Akaamini kwamba na hao wa Yerusalemu wanajua watu ni wazembe, wakaandika sita ili wapate tatu. Salome, binti wa ofisi ya safari, alimwandikia kwenye simu mara tatu kwamba abadilishe pasi. Mara zote tatu alijibu kwamba linashughulikiwa.

Kama lingekuwa hilo tu, lingekuwa kosa la ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini fedha ya pasi mpya ilikuwepo. Akina mama wa jumuiya, baada ya kumaliza mchango wa nauli, walisikia kwamba pasi mpya ni laki moja na nusu, wakachanga tena. Wengine walitoa mia tano. Juliana alileta bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, Pasi ya Mwalimu. Ikakaa kabatini juma zima. Kisha siku moja mjini, Pantaleo akiwa anaelekea Uhamiaji kabisa, alipita mbele ya duka la nguo akaona suti ya kijivu. Akalitazama koti lake, mikono imechanika bitana. Akajiona uwanja wa ndege katikati ya watu wa Dar na Arusha, yeye peke yake akiiwakilisha Shinyanga. Mtu mwema haibi, hupanga matumizi upya. Suti ilikuwa laki moja na arobaini pamoja na tai. Elfu kumi iliyobaki akanunua soksi na kiwi.

Alimwambia mkewe kwamba suti imetoka kwa rafiki wa Mwanza. Siku ya misa ya kumuaga, Juliana alimpangusa bega kwa kiganja akamwambia amependeza kama bwana harusi.

Kule Dar, Salome alifungua pasi, akaifunga, akamsogezea.

"Baba, hii haipokelewi. Tulikuandikia."

"Bado iko hai, binti yangu. Tazama tarehe."

"Kwako iko hai. Kwao ilishakufa."

Karatasi za wenzake thelathini na mmoja zilikuwa zinaondoka kwenda kuombewa viza saa tisa alasiri. Pasi mpya ilihitaji cheti cha kuzaliwa, kilichobaki Shinyanga, na laki moja na nusu, iliyokuwa mwilini mwake kwa sura ya suti. Kuhusu nauli, Salome alisema aandike barua, huenda kidogo kikarudi, asiahidiwe. Alisema kwa upole, akampa na maji ya kunywa. Upole huo ulimuuma Pantaleo kuliko angetukanwa. Akakaa gesti ya bei rahisi hadi wenzake waliporuka, kisha akapanda basi. Alilala Tinde, karibu na kwao, usiku wa Jumamosi kwa makusudi, ili aingie mtaani kwake Kambarage saa ya misa. Ratiba ya mtaa aliijua, ni yeye aliyeiandika.

*

Mtu asiyewahi kujificha nyumbani kwake hajui jinsi nyumba ilivyo na makelele. Kitanda kinalia, kijiko kikianguka kinalia, na pua nayo ina mambo yake. Choo kilikuwa uani, na ua ule wapita njia wanauona, kwa hiyo mchana kutwa Pantaleo alijisaidia kwenye ndoo yenye kifuniko, na Generoza akaitoa alfajiri akiwa ameifunika kanga kama mtu anayepeleka mtama mashineni. Hawakutazamana wakati huo. Mwanamume aliyekuwa akiwafundisha wachumba kuhusu heshima ya ndoa alimpokea mkewe ndoo tupu mlangoni kila asubuhi, akamwambia ahsante.

Watu hawakukoma kuja. Jumatatu walikuja wawili kuulizia kama mwalimu amekwisha fika Bethlehemu. Jumanne akaja Juliana na bakuli la maharage, akakaa sebuleni saa nzima. Pantaleo, nyuma ya pazia la chumba, alimsikia mkewe akieleza kwamba huko ni baridi, kwamba chakula chao hakina chumvi, kwamba mtandao ni wa bei mbaya ndiyo maana simu haipatikani. Uongo wake wa kwanza ulikuwa na kigugumizi. Wa Jumanne ulikuwa umenyooka, na Pantaleo aliona aibu mpya kabisa: kwamba amemfundisha mke wake kazi.

Juliana alipoondoka, Generoza aliingia chumbani akiwa na hasira na ubalozi. Alisema wale watu wanatudharau, mtu mzima anakwenda kusali wanamwona mzamiaji. Alisema angejua namba yao angewapigia. Pantaleo alimtaka apunguze sauti. Alikuwa na nafasi ya kumwambia pale, wakiwa wawili, maharage yakiwa bado ya moto. Alikula maharage.

*

Nyuma ya dirisha la chumba chao kulikuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya uzio nyumba ya Stanslaus, anayefanya kazi mgodini Bugarama na kurudi siku zake za mapumziko. Chumba cha uani alikaa mama yake, Limi, bibi wa miaka sabini na kitu aliyehamia mjini miguu ilipochoka kulima. Wazee wake wote walikuwa watu wa mizimu, na yeye mwenyewe alivaa ushanga wa mizimu hadi juzi. Kwa miaka miwili alikuwa kwenye darasa la ubatizo la Pantaleo, na miaka miwili ni mingi. Wenzake walikwisha batizwa Pasaka mbili. Yeye alichelewa kwa sababu ya maswali. Kama Mungu anaona kila kitu, kwa nini tunamsimulia? Kama amesamehe, kwa nini tunaungama tena? Pantaleo alikasirika, kisha akazoea, mwisho akaanza kujiandaa Jumamosi usiku kwa ajili yake peke yake. Paroko alikwisha sema huyu bibi atabatizwa Pasaka ijayo, awe amemaliza maswali au hajamaliza.

Jumatano Limi alishikwa na kifua. Hospitali walimpa dawa, wakamrudisha, wakasema umri. Alhamisi asubuhi alikuwa akihema kwa shida, na hiyo Pantaleo aliisikia mwenyewe kupitia dirishani, pumzi moja moja. Kisha akasikia sauti za akina mama, mikeka ikitandikwa, na jina lake.

Generoza alikwenda, akarudi saa nne. Paroko alikuwa Mwanza kwenye mafungo mpaka Jumamosi jioni. Limi anataka ubatizo. Juliana alimkumbusha kwamba mtu akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, mwalimu mwenyewe ndivyo alivyofundisha, maji na maneno tu. Akaleta maji. Limi akajifunika shuka usoni.

"Anasema nini?" Pantaleo aliuliza.

"Anasema aliyemfundisha ndiye atakayembatiza. Atakusubiri urudi."

Kule ng'ambo ya bati Limi alikohoa, mtu akamwinua.

"Nitoke," Pantaleo alisema.

Generoza alisimama mlangoni mwa chumba. Alisema kwa sauti ya chini, polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba akitoka sasa, yeye Generoza ataweka wapi uso. Alisema mbele za watu. Paroko alitangaza kwa mdomo wake. Limi ni mtu wa nguvu, mwaka jana aliugua hivi hivi akapona. Paroko anarudi Jumamosi, na Jumamosi si mbali.

"Na akifa Ijumaa?"

"Mungu anajua alikuwa anataka. Si wewe uliyefundisha? Hamu yenyewe ni ubatizo."

Alikuwa amefundisha hivyo, ni kweli. Hakuna kitu kinachomuumiza mwalimu kama somo lake mwenyewe likirudishwa na mtu anayetaka kumfungia mlango. Akakaa tena kitandani, na sehemu moja ya moyo wake, tuseme kweli, ilifurahi kwamba amezuiwa.

*

Stanslaus alifika mchana kutoka Bugarama, vumbi la njia likiwa bado kwenye nyusi. Si mtu wa kanisa, lakini alikuwa ametoa laki mbili kwa safari ya mwalimu kwa sababu mama yake alimwomba. Alimwita Generoza uani, mbele ya akina mama, akamwambia kwa heshima: Mama Lusia, najua mwalimu yuko mbali, lakini tuma ujumbe, akipata mtandao arekodi hata sala fupi, atutumie, tumwekee mama asikie sauti yake. Labda atakubali Mama Juliana ambatize, akiambiwa na mwalimu mwenyewe.

Generoza angesemaje hapana? Akarudi ndani na ombi hilo, akaliweka mbele ya mumewe kama deni la dukani.

Wakalifanya. Pantaleo alijifunika blanketi gubigubi, kwenye joto la saa nane mchana, simu mdomoni, jasho likimtiririka mgongoni. Alirekodi mara mbili akafuta, sauti ilikuwa inatetemeka. Ya tatu aliiacha. Alimsalimia Limi, akasema anamwombea akiwa mahali patakatifu, akamsihi akubali kubatizwa na Juliana, akamalizia kwa Baba Yetu. Akawasha mtandao, akatuma, akazima. Generoza alimfuta jasho kwa ncha ya kanga. Wote wawili walijisikia kama watu waliofanya jambo jema kwa njia ngumu.

Kisha wakasikiliza.

Stanslaus alikuwa na kile kispika kidogo ambacho vijana wa mgodini hutembea nacho. Akakiweka karibu na mama yake, akafungua sauti yote. Na Pantaleo, amesimama nyuma ya pazia hatua ishirini kutoka hapo, akaisikia sauti yake ikitoka Yerusalemu na kumrudia juu ya uzio wa bati. Ilikuwa sauti nzuri, ya kanisani. Lakini nyuma yake kulikuwa na mashine ya kusaga. Blanketi halikuizuia. Ilinguruma, ikazima, ikawaka tena kwa kile kikohozi chake ambacho mtaa mzima unakijua, kwa sababu mkanda wake haujabadilishwa mwaka wa pili. Na katikati ya maneno "mahali patakatifu" jogoo wa Limi, yule mwekundu asiyejua saa, aliwika.

Sala iliisha. Uani pakawa kimya. Si kimya cha watu wanaosali. Hicho Pantaleo alikijua vizuri. Hiki kilikuwa kimya cha watu wanaotazama mikeka. Mashine ya kusaga, ile yenyewe, ilizima na kuwaka, na jogoo mwenyewe akatembea katikati ya wanawake.

Kisha Juliana akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, kwamba tumshukuru Mungu, mtandao wa huko leo umekuwa mzuri.

"Amina," wakaitikia wengine.

Pantaleo alikaa chini sakafuni. Wangecheka ingekuwa afadhali. Wangekuja wakabomoa mlango ingekuwa afadhali. Walikuwa wamemfunika, wote, bila kushauriana, kama maiti inavyofunikwa, na aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Generoza alisema hawakusikia. Alisema spika zile ni mbovu, hazitoi kitu cha nyuma. Alisema hivyo mara mbili, akaenda kupika, akaunguza mchuzi.

Na bado hakutoka. Hili ndilo ambalo Pantaleo mwenyewe hakujisamehe baadaye, kuliko suti, kuliko pasi. Jua lilizama akiwa anajua kwamba wanajua. Usiku ulipita, pumzi ya Limi ikipanda na kushuka, naye yuko pale pale, akisubiri labda bibi akubali maji ya Juliana. Bibi hakukubali.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi akina mama walianza kuimba kwa sauti ya chini, ule wimbo unaoimbwa kabla haujahitajika. Pantaleo alisimama. Alikuwa na fulana ya ndani na suruali ya kushindia, akavaa kandambili za mkewe kwa sababu zilikuwa karibu. Generoza alikuwa anapepeta mchele sebuleni. Alimtazama, akafungua mdomo, kisha akaweka ungo chini na kumpisha.

Kutoka mlango wake hadi lango la Stanslaus ni nyumba moja tu. Alitembea njia hiyo mchana kweupe, mahujaji wakiwa Galilaya, watu wa mtaa wakimwona. Fundi baiskeli aliinua mkono kumsalimia. Binti aliyekuwa anachota maji akampa shikamoo, akaitikia marahaba.

Uani hakuna aliyeshtuka. Hilo lilimnyong'onyeza. Wanawake walisogeza miguu apite, kama walivyoisogeza siku zote. Juliana alikuwa amekaa karibu na mlango, kando yake bakuli la bati limefunikwa kwa sahani.

"Pita, Mwalimu," alisema. "Maji yako tayari tangu jana."

Ndani, Stanslaus alikuwa amemwegemeza mama yake kifuani. Limi alikuwa amebaki macho tu, lakini macho yenyewe yalikuwa ni yake kabisa. Generoza aliingia nyuma ya mumewe, kanga kichwani, akapewa mshumaa ashike.

"Mayu Limi," Pantaleo alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "nimekuja."

"Nilijua uko karibu." Alivuta pumzi. "Jana nilimsikia jogoo wangu anawika Yerusalemu."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Pantaleo alishindwa kumtazama, akalichukua bakuli. Maji yakamwagikia mkeka kwanza. Akamuuliza maswali yanayoulizwa, kwa ufupi, naye akayajibu yote bila kuongeza la kwake, jambo ambalo halijawahi kutokea darasani. Akamwagia maji kwenye paji mara tatu, akamwita kwa jina ambalo bibi mwenyewe alilichagua tangu mwaka jana. Lusia Limi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akina mama mlangoni wakaitikia Amina, na mmoja akapiga kigelegele kidogo, akakikatisha.

Stanslaus alikuwa anamfuta mama yake maji machoni. Bibi alimzuia mkono.

"Mwalimu, lipo swali moja."

"Uliza, mayu."

"Kwa nini hukwenda?"

Mlango ulikuwa umejaa watu. Juliana alikuwa amesimama mbele. Generoza ndiye aliyejibu, haraka, mshumaa ukiyumba: "Walimnyima viza, mayu. Ubalozi. Hawakutoa hata sababu."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa limekwisha tengenezwa, limepakwa rangi, lilihitaji tu anyamaze. Pantaleo alimtazama mkewe, aliyembebea ndoo siku tano na uongo siku tano, na ambaye hata sasa alikuwa anauamini huo mmoja kwa moyo wote. Akajua kwamba akisema ukweli anamvua nguo yeye pia, mbele ya wanawake wenzake.

"Hapana," alisema. "Sikunyimwa. Walitaka pasi mpya, nikapewa na akina mama hawa laki moja na nusu ya pasi mpya. Nikanunua suti."

Juliana alitazama kiganja chake, kile kilichopangusa bega la suti, akakificha ndani ya kanga. Mwanamke mmoja nyuma, aliyetoa mia tano akiwa hana chumvi nyumbani, aligeuka akaenda kukaa mkekani. Generoza hakulia wala hakuondoka. Alibaki ameshika mshumaa, nta ya moto ikimdondokea kidoleni, na hakuutoa mkono.

Limi alikuwa anafikiri. Alipandisha vidole polepole hadi kwenye paji lake, akaugusa ule unyevunyevu.

"Kwa hiyo haya maji," alisema, "yameshika?"

Swali hilo Pantaleo alilifundisha kila mwaka, mbele ya kila darasa. Kwamba neema haipungui kwa sababu ya mikono iliyoileta. Alilifundisha kwa mifano, kwa chaki, wakati mwingine kwa utani, na siku zote alipolifundisha alikuwa anamfikiria mtu mwingine.

"Yameshika, mayu," alisema. "Maji hayana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Limi alilipima jibu hilo kama alivyokuwa akiyapima majibu yake yote, kwa muda mrefu, akimtazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamwambia Stanslaus amfunike miguu.